Sauti Tatu, Mtu Mmoja

Nianze kwa kukiri kabisa, maana wengine wenu mmeshaipata hii habari kutoka kwa watu wa Makutupora ikiwa imetiwa chumvi na pilipili: ni kweli, ni mimi niliyemfanya bibi wa watu aamini macho yake yameharibika tena, siku ileile aliyowaita ndugu na majirani waje wamshukuru Mungu kwamba anaona. Sikukusudia. Lakini maiki ilikuwa mdomoni mwangu, gitaa lilikuwa shingoni mwangu, na lile gauni la zambarau wanalolisimulia ni langu, liko kabatini mpaka leo na silivai.

Kwa wasionijua, naitwa Levina, natokea Bukoba, nilikuja Dodoma ofisi za serikali zilipohamia huku, na kazi yangu ni masijala, yaani kupokea barua na kutafuta mafaili ambayo kila mtu anaapa alishayarudisha. Mwisho wa wiki napiga gitaa kavu na kuimba kwenye shughuli za watu. Kwa miaka mitano nilikuwa naimba na Penina, muuguzi wa zahanati moja huku kwetu Nkuhungu, Mgogo wa hukuhuku, na yeye ndiye alikuwa sauti ya pili. Sikumfundisha mimi, na sidhani kama kuna mtu alimfundisha, maana hawa Wagogo ukianzisha wimbo mmoja anapanda juu, mwingine anashuka chini, wa tatu anapita katikati, na hakuna aliyewapanga. Mimi nilikuwa naimba wimbo, Penina anaufanya uwe wimbo. Nyimbo zenyewe za Kigogo alinifundisha yeye, neno kwa neno, huku akinicheka matamshi.

Ila Penina ana kasoro moja, hana saa. Ukimwambia tukutane saa nne, saa nne na nusu anakwambia "niko njiani", na nyuma yake unasikia maji ya bomba yanamwagika kwenye ndoo. Mara ngapi nimesimama mbele ya watu natekenya nyuzi kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea, nikimsubiri (najua ana watoto, najua zamu za zahanati haziishi kwa wakati, nayajua yote hayo, lakini aliyesimama mbele ya watu ni mimi). Nilichoka. Kitu ambacho sikufanya ni kumwambia kwamba nimechoka.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia, maana ni dogo mno. Mwalimu Ndahani wa Makutupora alinipigia simu, akasema, "Dada, tuna shukrani ya mama yetu, Bi Damari. Ametolewa mtoto wa jicho macho yote mawili, sasa anaona. Njoo na mwenzako, mama anaupenda sana ule wimbo wenu wa Kigogo." Nikasema tutakuja. Nikampigia Penina, akasema Jumamosi hiyo yuko zamu, ila ningoje aongee na mwenzake wabadilishane, atanijibu. Na mimi, badala ya kungoja, nikausikia mdomo wangu unasema, "Wala usihangaike, Mama Juni. Wamesema wanataka mtu mmoja tu."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu. Ni kashughuli kadogo."

"Haya, sawa," akasema. Basi. Uongo wenyewe ndio huo, haukufika hata dakika.

Niseme pia kwa nini ulinitoka kirahisi hivyo. Wiki mbili nzima nilikuwa napita kwa Fundi Rama, yule anayeuza na kutengeneza vyombo vya muziki nyuma ya soko la Majengo, naangalia pedali za kuitikia. Ni kimashine unachokiweka chini miguuni, maiki inaingia humo kabla ya kwenda kwenye spika, unaimba peke yako halafu watu wanasikia mko watatu. Fundi alinipangia tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ina kitufe kimoja na kirungu cha kuzungusha, na hiyo unaiambia mwenyewe kabla ya wimbo kwamba leo naimba katika kii fulani, yaani ngazi fulani ya sauti, nayo inakaa hapohapo, ukibadilisha wimbo unainama unazungusha tena. Ya pili unapitisha na gitaa ndani yake, inasikiliza vidole vyako, ukigeuza gitaa nayo inageuza sauti zake, moja juu yako na moja chini yako, hakuna habari ya kuinama. Ya tatu ilikuwa na kioo na vitufe vingi mpaka nikamwambia fundi hii inataka karani wake.

"Ungekuwa dada yangu wa tumbo moja ningekupa hii ndogo," Fundi Rama akasema. "Kitufe chake ukikibonyeza kinabaki chini, mguu wenyewe unajua imewaka au imezima. Hii ya pili ni janja, lakini ina kitaa tu, taa ndogo ya kukuonyesha. Ukiichukua, kaa nayo nyumbani mwezi mzima. Imba nayo, ongea nayo, kohoa nayo."

"Niongee nayo ili iweje, fundi? Mimi naimba."

"Haya," akasema, akaanza kuifunga ile ya pili kwenye gazeti. "Nyie watu wa Bukoba mkishaona kitu kijanja, basi tena."

Sikukaa nayo mwezi. Nilikaa nayo jioni tatu, sebuleni, mapazia yakiwa yamefungwa, na kitaa chake chekundu kilikuwa kinaonekana hata ukiwa jikoni. Nilipiga nyimbo zote nilizozoea kupiga na Penina na kimashine kikaitikia kila mahali, hakikuchelewa hata mara moja, wala hakikuniambia kiko njiani. Jirani alibisha hodi akauliza kama nina wageni. Nilifurahi kijinga, nikamfungulia mlango nikamwonyesha mashine kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga, na huko kuongea kwenye maiki alikoshauri fundi hata hakukunijia akilini.

Jumamosi nikafika Makutupora saa tano, nimependeza, nimevaa zambarau. Shughuli ilikuwa uani kwa Mwalimu Ndahani, mashamba ya zabibu yanaanzia nyuma ya choo, turubai limefungwa kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo. Kama mnavyojua, mwanamuziki siku zote anawekwa pale turubai linapoishia, kwa hiyo mimi na vyombo vyangu tulikuwa juani, jua la Dodoma la mchana, lile ambalo hata simu ukiitazama huoni kitu. Viatu vyangu vilikuwa vya kisigino. Nayasema haya ili mwelewe, sijitetei.

Bi Damari alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye kiti chenye mito, mwembamba, amejifunga khanga mpya, na miwani yake myeusi ameivua makusudi ili kila mtu amwone anavyoona. Mchezo wake wa siku hiyo ulikuwa kuwatajia wageni rangi za nguo zao. Nilipopiga goti kumwamkia, "Shikamoo, bibi," akasema, "Marahaba. Wewe umevaa zambarau," na kabla sijainuka akaongeza, "na hereni zako hazifanani." Nikazishika, na kweli, kwa haraka ya asubuhi nilikuwa nimevaa moja ya dhahabu na moja ya fedha. Watu wakapiga makofi na vigelegele, bibi akacheka mpaka akakohoa, na Mwalimu Ndahani, mtu mzima mwenye mvi, akageuka pembeni akajifuta machozi.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa sifa, wa Kiswahili, na ulienda vizuri, siwezi kudanganya. Sauti tatu zilitoka kwenye spika zimenyooka, na watu wakaanza kuchungulia nyuma yangu kutafuta wenzangu walikojificha. Mama mmoja aliinuka kabisa akaenda kuangalia nyuma ya spika. Nilifumba macho nikaimba kwa maringo. Kitu kimoja nilikiona na sikukielewa: wakina mama walikuwa wanafungua midomo ili waitikie, halafu wanaifunga, maana kila walipotaka kuingia walikuta pameshakaliwa. Mimi nikadhani wamepigwa na butwaa. Nimeishi na Wagogo miaka yote hiyo na sikujiuliza kwamba kuwapelekea mashine ya kuitikia ni sawa na kuwapelekea watu wa Makutupora zabibu.

Wimbo ukaisha, nikakanyaga kitufe ili nizime. Nikainama kutazama kitaa, sikioni kama kimewaka au kimezima, jua limekimeza. Nikasema moyoni, ngoja nihakikishe, nikakanyaga tena. (Mmeona? Ilikuwa imezima. Nikaiwasha mwenyewe.) Hapo ndipo Mwalimu Ndahani akaniuliza kwa ile sauti yake ya darasani isiyohitaji maiki, "Dada, mama anaulizia, yule mwenzako yuko wapi?"

Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema ukweli. Vidole vyangu vilikuwa bado vinatekenya gitaa taratibu kwa mazoea, nikasogeza mdomo kwenye maiki nikasema, "Mwenzangu Penina amepata dharura kazini, anawasalimu sana." Na ua mzima ukasikia tukisema hivyo watatu: mimi, mwanamume mwenye mafua, na mtoto wa chekechea.

Halafu wapishi kule kwenye masufuria wakaangua kicheko, na mimi nilipoinua macho kutazama wanacheka nini, nikamwona Penina mwenyewe amesimama getini, amevaa kitenge cha kijani, kifurushi cha zawadi mkononi. Kumbe baada ya upasuaji Bi Damari alikuwa anapelekwa kwenye zahanati ya Penina kila siku kutiwa dawa ya macho, na bibi alimwambia kwa kinywa chake Jumamosi uje, nesi wangu, usikose. Akabadilishana zamu. Akaja kama mgeni, amechelewa kama kawaida yake, na akafika getini sekunde ileile ninayotangaza dharura yake. Jamani! Nikapiga kelele, "Penina!" na sisi watatu tukamwita kwa pamoja.

Kuanzia hapo kila nilichofanya kiliharibu zaidi. Nikasema, "Samahani, ni mitambo," zikatoka samahani tatu. Nikakanyaga kitufe, kisigino kikateleza, sijui nikabonyeza mara mbili au tatu, nikajaribu "haloo", wakaitika wote. Watu walikuwa wanashikana mabega kwa kucheka, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu kucheka, kwa sababu aibu ya namna hiyo unaweza kuigeuza utani ukaondoka nayo. Halafu nikaona Bi Damari amesimama. Ameshika mikono ya kiti, ananitazama mimi, anatazama kulia kwangu, anatazama kushoto, anakunja uso.

"Ndahani," akaita.

"Naam, mama."

"Wale wengine wako wapi?"

"Wepi, mama?"

"Mwanamume na mtoto. Nawasikia wanaongea. Siwaoni." Akachukua pindo la khanga akafuta jicho moja, kisha la pili, akatazama tena. "Namwona wa zambarau tu. Ndahani, ugonjwa umerudi."

Kicheko kikakata. Mwalimu akapiga magoti mbele yake, akamwonyesha vidole, hivi ni vingapi, mama, na bibi akasema viwili, lakini ulianza hivihivi, mwaka ule ulipoanza nilikuwa naona hiki sioni kile, mkaniambia ni uzee. Akakaa, na machozi yakaanza kumtoka. Nikashika maiki (Mungu anisamehe, sijui akili zangu zilikuwa wapi) nikasema, "Bibi, ni mimi tu!" na yule mwanamume na yule mtoto nao wakamhakikishia kwamba ni wao tu. Bibi akajifunika uso kwa khanga. Nikaitupa maiki, nikajaribu kueleza kwa mdomo mtupu, lakini kila mtu alikuwa anaongea na hakuna aliyekuwa na haja ya kunisikiliza.

Penina aliweka kifurushi chake juu ya kiti, akapita katikati ya watu, akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani? Nesi wangu?"

"Ni mimi. Hebu toa khanga. Nimevaa nini?"

Bibi akatoa khanga taratibu. "Kijani. Kina ndege."

"Hapa mkononi ndege wangapi?"

"Watatu. Na huyu amekatwa kichwa na mshono."

"Basi macho yako ni mazima kabisa. Hapa hakuna mwanamume wala mtoto. Yupo Levina peke yake, na mashine." Kisha akanigeukia, hakupandisha sauti hata kidogo, akasema, "Njoo umwonyeshe."

Nikaokota maiki, nikaja na gitaa, nikiburuta kile kimashine na waya zake mpaka miguuni pa bibi, nikakaa chini kwenye mkeka na gauni langu. Pale chini ya turubai palikuwa na kivuli na kitaa kilionekana wazi, chekundu, kinawaka vizuri tu. Nikaimba "aaa", zikatoka tatu. Nikabonyeza kwa kidole, nikaimba "aaa", ikatoka moja. Bi Damari akanitaka nirudie mara nne. Mara ya tano akabonyeza yeye mwenyewe, mimi nikiimba kila anapoamuru, na hatimaye akacheka, na Mwalimu Ndahani akashusha pumzi iliyosikika mpaka jikoni.

"Sasa hii ni ya kazi gani?" bibi akauliza.

"Inaniitikia, bibi. Ninapoimba."

Akawatazama wakina mama waliokuwa wametuzunguka, akamtazama Penina, akanitazama mimi. "Kwani wewe huna watu?"

Nimeshaulizwa maswali na wakaguzi kuhusu mafaili yaliyopotea, tena yenye mihuri ya siri, hakuna lililoniuma kama hilo. Na Mwalimu Ndahani, bila ubaya wowote, kama mwalimu anayesahihisha daftari, akasema, "Lakini nesi, si tumeambiwa umepata dharura?"

"Hata mimi nimeisikia nikiwa getini," Penina akasema. "Mimi niliambiwa mnataka mtu mmoja tu."

"Nani aliyesema? Mimi nilimwambia aje na mwenzake."

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali. Penina alinitazama mara moja tu, nami nikashindwa kumtazama, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto, nikawa nazungusha kirungu cha gitaa ambacho hakikuwa na shida yoyote. Halafu akasema, "Anza. Naimba kwa ajili ya bibi."

Tukauimba ule wimbo wa Kigogo hapohapo kwenye mkeka, bila maiki, bila chochote. Nilianza mimi, Penina akapanda juu, wakina mama wakaingia mmoja mmoja kila mtu mahali pake, na Bi Damari akachukua sauti ya chini kabisa ambayo sikujua kama mwanamke anaweza kuwa nayo. Uliimbwa mara tatu kwa sababu bibi alikataa uishe. Ulikuwa mzuri kuliko siku zote nilizowahi kuuimba na ulinichoma rohoni, maana nilikuwa najua ni mara ya mwisho.

Chakula nilikula kidogo (nyama ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia), nikakusanya waya zangu, nikamkuta Penina barabarani anasubiri bodaboda. Nikamwambia nisamehe, Mama Juni. Akasema, "Ungeniambia umechoka kunisubiri, ningenuna siku mbili, yakaisha. Mimi mwenyewe najijua. Lakini wewe umeniambia sihitajiki, halafu ukaenda kununua kitu cha kukaa mahali pangu."

"Nimekosa," nikasema.

"Nimekusamehe," akasema, na pikipiki ikafika, akapanda. "Ila kuimba, tuache kwanza."

Ni miezi saba sasa. Pedali iko juu ya kabati, nayo haina kosa, ilifanya kila kitu kilichoandikwa kwenye boksi lake. Anayetaka kununua ya kwake namshauri achukue ile ambayo mguu unaijua bila macho, aijaribu juani, na aongee nayo kabla hajaipeleka mbele za watu. Mimi shughuli bado naitwa. Kabla ya kumjibu mwenye shughuli nampigia Penina, naye ananijibu vizuri tu, "Nenda, Mama Doreen, siku njema," tunaulizana habari za watoto, tunaagana. Naenda peke yangu na gitaa kavu. Nikifika pale pa sauti ya pili nanyamaza, napaacha, na hapa Dodoma mara nyingi kuna mama mmoja kule nyuma anaingia mwenyewe, na kila akiingia nageuka kutazama kama ni yeye.

Nimeapa, na mnishuhudie. Mtu nikichoka kumsubiri nitamwambia nimechoka kukusubiri, kwa mdomo wangu huu mmoja, anune akitaka kununa, na sitamwambia tena mtu ninayemhitaji kwamba hahitajiki. Penina nilimpigia nikamwambia hivyohivyo kama nilivyowaambia nyinyi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia.